Moto na Nyundo: Swali Lililonishinda Darasani

Wanachuo wenzangu, wale mliokwishakwenda mazoezi ya kufundisha mnaijua hofu ya dakika tano za mwisho wa kipindi. Somo limeisha, ubao umejaa, kengele bado, na wewe kwa kujikaza unauliza, "Kuna mwenye swali?" huku moyoni unaomba Mungu asiwepo.

Kwangu alikuwepo. Ilikuwa Kidato cha Kwanza, somo la Fizikia, mada ya unyumbufu, katika shule moja ya kata kando ya ziwa, mwendo wa daladala mbili kutoka Mwanza mjini. Tulikuwa tumening'iniza mawe kwenye springi, tumepima, tumechora grafu, mstari umenyooka vizuri. Mimi nimefurahi. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono.

"Madam, waya nikiukunja mara nyingi unakuwa mgumu halafu unakatika. Lakini babu anagonga chuma cha moto hata mara mia na hakikatiki. Kwa nini?"

Sikujua. Na badala ya kusema sijui, nikasema maneno ambayo mpaka leo yananiuma: "Hayo ni mambo ya uhunzi wa kienyeji. Sisi hapa tunasoma sayansi." Darasa zima likacheka. Kuanzia siku ile wenzake wakaanza kumwita "Mhunzi", na yeye kwa wiki mbili nzima hakunyoosha mkono tena.

Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nimeiandika kwa ajili ya walimu wenzangu watarajiwa, lakini hata wewe wa sheria au uhasibu endelea kusoma, maana huko mbele kuna habari za nondo za hosteli unayolala.

Jumamosi kwa babu

Nilianza kwa kutafuta vitabuni, nikakuta maneno makubwa kuliko akili yangu. Basi Jumamosi ya pili nikafunga safari kwenda kwa babu mwenyewe.

Banda lake lina mabati manne na nguzo za miti, chini ya mwembe. Mivukuto ya ngozi kama ile ya kwenye vitabu vya historia hana. Ana rimu ya baiskeli iliyofungwa mkanda, ukiizungusha kwa mkono inazungusha feni ndogo inayopuliza makaa. Fuawe lake ni kipande cha reli. Malighafi yake ni springi za malori yaliyokufa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibu mwalimu." Akaniangalia kidogo. "Wewe ndiye uliyesema kazi yangu si sayansi?"

Yaani nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Nisamehe babu, nilikosea. Nimekuja kujifunza."

Hakujibu. Akanionyesha ile rimu. "Zungusha kwanza."

Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Siku hiyo alikuwa anatengeneza tindo za wavunja mawe. Anayeijua Mwanza anajua kazi hiyo: mji umekaa juu ya mawe, na wako watu wanaokula kwa kuyapasua kwa nyundo na tindo. Tindo ikiwa laini, ncha inajikunja baada ya mapigo machache. Ikiwa ngumu kupita kiasi, ncha inameguka na kuruka, na kipande hicho kikiingia jichoni mtu ameharibikiwa maisha. Kwa hiyo babu hana nafasi ya kubahatisha.

Kwanza alinipa nyundo nigonge kipande cha springi kikiwa baridi. Nyundo iliruka kama mpira. Kisha akakitia motoni, kikawa cha rangi ya chungwa, akanipa tena. Safari hii nyundo ilizama. Nikaendelea kugonga mpaka chuma kikafifia, kikaanza kuwa cheusi. Akanishika mkono.

"Acha. Kikiwa cheusi usikigonge. Chuma kina kumbukumbu. Ukikigonga baridi, kinakumbuka kila nyundo, mwisho kinakasirika kinapasuka. Ukikirudisha motoni, kinasahau."

Nilidhani ni methali tu ya wazee. Baadaye, niliporudi kwenye vitabu, niligundua kwamba mzee alikuwa amenipa jibu zima la swali la mjukuu wake. Kilichobaki ni kueleza kumbukumbu hiyo inakaa wapi.

Daladala iliyojaa

Chuma kimejengwa kwa atomu zilizojipanga kwa safu, safu juu ya safu, kama trei za mayai zilizopandanishwa. Mpangilio huo unaitwa fuwele. Kipande cha chuma hakina fuwele moja kubwa. Kina fuwele ndogo ndogo nyingi zilizobanana, tuziite punje. Ukitaka kukunja chuma, ni lazima safu za atomu ziteleze moja juu ya nyingine.

Sasa hapa pana kitendawili. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Urusi, Yakov Frenkel, alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kutelezesha safu nzima kwa mpigo mmoja. Jibu lilitoka kubwa ajabu, mamia hadi maelfu ya mara kuliko nguvu inayokunja chuma halisi. Kwa hesabu ile hakuna binadamu ambaye angekunja hata waya. Lakini mtoto wa miaka saba anaukunja. Kosa liko wapi?

Jibu lilipatikana mwaka 1934, na cha kushangaza walilipata watu watatu kila mmoja kivyake: Taylor, Orowan na Polanyi. Walisema safu haziendi zote kwa pamoja. Ndani ya fuwele kuna hitilafu za mpangilio, sehemu ambapo safu moja imeishia katikati na kuacha pengo. Pengo hilo ndilo linalosafiri.

Fikiria daladala ya Nyegezi saa moja asubuhi. Watu wamesimama, wamebanana. Konda anapiga kelele, "Sogea nyuma, nyuma kuna nafasi!" Je, abiria wote wanasogea kwa pamoja, hatua moja, kama gwaride? Hapana. Wa mwisho kabisa anasogea kidogo, anaacha pengo, anayemfuata analijaza, anaacha pengo lingine, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Kila mtu ametumia nguvu kidogo tu, lakini mwishowe safu nzima imesogea hatua moja. Ndivyo chuma kinavyokunjika.

Sasa endelea na mfano huo. Kila unapogonga au kukunja chuma kikiwa baridi, hitilafu mpya zinazaliwa, tena kwa wingi sana. Mwanzoni zilikuwa chache na zilipita kwa raha. Zikiwa nyingi zinaanza kugongana na kunasana, kama daladala ile ile ambayo sasa kila abiria ameshika gunia la dagaa, beseni na kuku. Konda apige kelele mpaka akauke koo, hakuna anayesogea. Chuma kimekuwa kigumu. Ukizidisha nguvu, kwa kuwa safu haziwezi tena kuteleza, kinachofuata ni ufa, na waya unakatika mkononi.

Hiyo ndiyo kumbukumbu aliyoisema babu. Kila nyundo ya baridi imeandikwa ndani ya chuma kwa fundo la hitilafu.

Moto unafanya nini

Wengi tunajua kwamba moto unalainisha chuma. Ni kweli, atomu zikipata joto zinatikisika zaidi na kuteleza kirahisi. Lakini hiyo ni nusu ya jibu, kwa sababu haielezi kwa nini waya uliokuwa mgumu, ukiupasha moto kisha ukauacha upoe kabisa, unabaki laini. Joto limeshaondoka, ulaini umebaki. Kuna kitu kimebadilika humo ndani.

Kilichobadilika ni punje zenyewe. Joto likifika kiwango fulani, atomu zinapata uwezo wa kuhama. Zinaacha mpangilio ule uliojaa mafundo na kuanza kujenga punje mpya, safi, zenye hitilafu chache. Punje hizo zinakua zikila zile za zamani mpaka zinazimaliza. Ni kama daladala imefika stendi, abiria wote wameshuka, wamepanda upya kwa mstari bila mizigo. Chuma kimesahau.

Kiwango cha joto la kusahau kinatofautiana kati ya metali na metali. Kwa kukadiria, ni kati ya theluthi na nusu ya joto la kuyeyuka, ukihesabu kwa kelvini. Chuma safi kinaanza kwenye nyuzi joto kama 450 za Selsiasi, chenye mchanganyiko kinahitaji zaidi. Risasi, yaani ile metali nzito inayofungwa kwenye nyavu ili zizame, inasahau hata kwenye joto la kawaida la hewa. Ndiyo maana mvuvi wa Kirumba anaweza kuigonga risasi ya wavu wake mchana kutwa bila moto, na haiwi ngumu. Kwa risasi, jua la Mwanza linatosha kuwa tanuri. (Ukiishika osha mikono kabla ya kula, ni sumu.)

Ndipo tunafika kwenye jibu la kijana wangu. Waya wake ulikatika kwa sababu aliukunja kwenye joto ambalo chuma hakisahau. Mafundo yakarundikana mpaka ufa ukatokea. Chuma cha babu yake hakikatiki kwa sababu kinagongwa kikiwa juu ya joto la kusahau. Nyundo inaweka mafundo, moto unayafuta hapo hapo. Kikipoa chini ya kiwango hicho, babu anaacha. Yeye kipimajoto hana, anasoma rangi: nyekundu iliyofifia ni nyuzi kama 700, chungwa ni kati ya 900 na 950, njano ni 1100 hivi.

Nyundo nayo ina kazi yake

Mtu anaweza kuuliza, kama moto ndio unaosafisha, kwa nini basi tusichome tu bila kugonga?

Kwa sababu moto peke yake una hasara. Ukikiacha chuma motoni muda mrefu, punje zinaendelea kumezana, kubwa inameza ndogo, mpaka zinakuwa kubwa sana. Na punje kubwa ni udhaifu. Mipaka kati ya punje ndiyo inayozuia hitilafu zisikimbie ovyo, kama vituo vya ukaguzi barabarani. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, chuma kinakuwa na nguvu na bado hakivunjiki upesi. Uhusiano huo uliwekwa kwenye hesabu na E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953, na hadi leo wahandisi wanautumia.

Nyundo ndiyo inayozuia punje zisinenepe. Kila pigo kwenye chuma cha moto linavuruga punje zilizopo, na punje mpya zinachipua katikati ya vurugu hiyo, nyingi na ndogo. Siri ni kumalizia kwenye joto la chini kidogo, ili punje zikishachipua zisipate nafasi ya kukua. Nilimkumbuka babu: mapigo ya kwanza, ya kunyoosha umbo, aliyapiga chuma kikiwa cha njano. Mapigo ya mwisho, mepesi na ya haraka, aliyapiga kikiwa chekundu. Nilipomuuliza sababu, alisema ukimalizia cha njano, tindo inakuwa "kama muhogo mkavu". Na kweli, chuma chenye punje kubwa kikivunjika unaziona zikimetameta kwa macho.

Hii ndiyo maana ya kuunganisha moto na nyundo. Kimoja bila kingine hakifiki. Moto peke yake unakupa chuma laini chenye punje nene. Nyundo peke yake inakupa chuma kigumu kinachopasuka.

Ncha ya tindo

Kulikuwa na hatua ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisilale usiku ule.

Springi ya lori ni chuma cha pua chenye kaboni, kama nusu asilimia na ushei. Chuma cha namna hiyo kikipashwa moto mpaka kupita nyuzi 730 hivi, atomu zake zinabadili mpangilio, na kaboni inapata nafasi ya kujisambaza ndani. Kikipoa polepole, kaboni inatoka taratibu na chuma kinabaki na ugumu wa wastani. Lakini ukikitumbukiza kwenye maji ghafla, kaboni inanaswa humo humo kabla haijatoka, mpangilio unakazwa, na chuma kinakuwa kigumu kama kioo. Na kama kioo, kinapasuka.

Babu aliitoa tindo motoni, akazamisha ncha tu kwenye ndoo ya maji, kidogo, kama kidole kimoja. Ncha ikazima, mwili ukabaki mwekundu. Akaitoa, akaisugua ncha haraka kwa jiwe mpaka ikang'aa, kisha akaitazama bila kupepesa. Joto lililobaki mwilini lilianza kurudi kwenye ncha. Juu ya ule mng'ao ikatokea rangi ya manjano kama nyasi kavu, ikawa kahawia, ikaanza kuingia zambarau. Hapo hapo akaitumbukiza yote majini.

Rangi zile ni utando mwembamba wa kutu mpya unaozidi unene kadiri joto linavyopanda: manjano ni kama nyuzi 230, kahawia 260, bluu karibu 300. Joto hilo dogo linaruhusu sehemu ya kaboni iliyonaswa itulie. Ncha inapoteza ugumu kidogo, inapata ustahimilivu mwingi. Ndivyo tindo inavyoweza kupasua jiwe bila kummegukia mtu usoni.

Kwa hiyo kipande kimoja kile kile kina ncha ngumu na mwili mlaini unaomeza mshtuko, bila kuunganishwa na kitu kingine. Ni moto, nyundo na maji tu, kwa mpangilio na kwa wakati wake.

Si jambo la jana

Nilipomwambia mhadhiri wangu habari hizi alitabasamu, akaniuliza kama nimewahi kusikia kuhusu Wahaya na chuma. Nilikuwa sijasikia, na mimi ni mtoto wa Kanda ya Ziwa!

Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown. Schmidt alikuwa amechimbua maeneo ya kale ya kuyeyushia chuma huko Buhaya, mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kisha wakawaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya ujana wao wajenge tanuri tena na kuyeyusha chuma kama zamani. Wazee wakajenga, na vipimo vikaonyesha joto lililopita nyuzi 1800 ndani ya tanuri la udongo lililopulizwa kwa mivukuto ya mikono. Wachunguzi hao walisema mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Hoja hiyo ya hewa kupashwa moto imebishaniwa na wataalamu wengine, na ndivyo sayansi inavyokwenda. Lakini kwamba watu wa pwani hii walizalisha chuma kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia kadhaa, hilo halina ubishi. Katuruka, karibu na Bukoba, pana mahali panapoitwa Kaiija, panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe, na jina lenyewe linatajwa kuwa na maana ya mahali pa kufulia chuma.

Upande wetu wa kusini walikuwepo Warongo wa Uzinza, huko Geita ya leo, waliojulikana kwa kuyeyusha chuma. Majembe yao yalifika Usukumani, yakalima, na jembe lilikuwa mali hata ya kutolea mahari.

Na hapa pia moto na nyundo vilikwenda pamoja. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1538, lakini katika matanuri ya namna hii zao kuu halikuwa chuma cha maji cha kumimina. Lilikuwa bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo halifai kwa lolote mpaka lipashwe moto na kugongwa, tena na tena: kila nyundo inakamua uchafu ulioyeyuka na kuziunganisha kuta za matundu. Jembe lilizaliwa kwenye fuawe, si kwenye tanuri.

Nikakumbuka nilivyosema "sisi hapa tunasoma sayansi".

Kiwandani na hosteli kwako

Kuna mtu atasema hayo ni ya zamani, sasa hivi kuna viwanda. Haya, twende kiwandani. Kipande kinene cha chuma cha pua kinapashwa moto hadi nyuzi 1100 na zaidi, kinapitishwa kati ya magurudumu mazito yanayokiminya, hatua kwa hatua, kikitoka chembamba na kirefu. Magurudumu ndiyo nyundo ya babu. Wahandisi wanapanga joto la kuminya la mwisho liwe chini kwa makusudi, ili punje zitoke ndogo.

Nondo nyingi za kisasa zinaandikwa herufi TMT ubavuni. Maana yake ni kwamba zimetengenezwa kwa moto na kuminywa kwa pamoja. Nondo ikitoka kwenye magurudumu ikiwa nyekundu, inapitishwa kwenye maji ya kasi kwa muda mfupi sana. Ngozi yake ya nje inakazwa, moyo unabaki wa moto. Ikitoka kwenye maji, joto la moyo linarudi nje na kuituliza ile ngozi. Umeishaijua hiyo? Ni tindo ya babu! Njia hiyo ilibuniwa Ubelgiji miaka ya 1970, ikaenea dunia nzima. Babu hajawahi kufika Ubelgiji.

Na kuna kazi ambapo kumbukumbu ya chuma haifutwi, inatafutwa. Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3 na sehemu yake ya katikati imeshikiliwa na nyaya kutoka kwenye nguzo ndefu. Nyaya za kazi ya namna hiyo kwa kawaida huvutwa kupitia matundu madogo zikiwa baridi, makusudi, ili mafundo ya hitilafu yajae na waya upate nguvu kubwa. Kumbe kinachokata waya wa kijana wangu, kikipimwa vizuri, ndicho kinachobeba magari juu ya ghuba.

Sasa nondo za hosteli. Huku mitaani tunakopanga, majengo yanapanda kila mwezi. Mara mbili nimepita nikaona mafundi wakichoma nondo nene kwa moto mpaka nyekundu ili waikunje kirahisi. Mwaka jana ningepita zangu. Sasa naelewa wanachokifanya: wanaifuta ile ngozi ngumu. Nondo ya aina hiyo ikipashwa hadi kuwa nyekundu kisha ikapoa polepole, pale ilipokunjwa inabaki na nguvu ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye ramani, na ukiitazama kwa nje huoni tofauti yoyote. Zege likishamiminwa ndiyo kabisa, siri imezikwa. Nondo hukunjwa ikiwa baridi, kwa kifaa chake na kwa mkunjo usiobana sana. Ukiona wanachoma, ongea na msimamizi. Utaonekana mjuaji, lakini wewe ndiye utakayelala chini ya boriti hiyo.

Kurudi darasani

Wiki ya mwisho ya mazoezi niliingia darasani na jiko la mkaa, koleo na waya mweusi wa kufungia nondo. (Ukitaka kufanya hili, usitumie waya unaong'aa uliopakwa zinki, moshi wake una madhara. Na jiko likae nje au dirishani.) Tulikunja waya mmoja mpaka ukakatika, tukihesabu kwa sauti. Wa pili tuliukunja nusu ya idadi ile, tukautia motoni mpaka mwekundu, tukauacha upoe polepole, tukaendelea kukunja. Ulivuka idadi ya kwanza. Darasa lilipiga makofi. Tuliongeza angalizo moja: ukisubiri mpaka ufa uanze, moto hausaidii tena, kwa sababu moto unafuta mafundo lakini hauzibi ufa.

Kabla ya hayo yote nilisimama mbele nikasema, "Siku ile niliulizwa swali zuri na nikalijibu vibaya. Sikuwa najua, nikaona aibu kusema. Na uhunzi ni sayansi." Nikamwita yule kijana aje aeleze rangi za chuma, kwa kuwa yeye anazijua kuliko mimi. Alisita sana. Alikuja, akaeleza kwa Kiswahili, ingawa kipindi kilipaswa kuwa cha Kiingereza, na mimi sikumkatiza.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Alipomaliza alirudi kwenye dawati lake bila kuniangalia. Jina la "Mhunzi" limebaki, ila nasikia siku hizi analiitikia. Kengele ilipokaribia niliuliza, "Kuna swali?" Mkono wa nyuma ukanyooka.

"Madam, mbona sufuria ya aluminiamu babu haigusi kabisa kwenye moto wake? Anasema haina rangi ya kukuonya."

Safari hii nilijibu vizuri. Nilisema, "Sijui. Jumatatu nitakuwa nimejua." Nimeshajua: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, kabla hata haijaanza kuwaka wekundu unaoonekana vizuri mchana. Nilimwandikia jibu kwenye daftari lake siku ya kufunga mazoezi, nikaweka sahihi.